Saa Tano ya Unguja



Sisi tuliozaliwa Lubumbashi tunajua moto kuliko maji. Tangu mwaka 1911, tanuri la kwanza la shaba lilipowashwa mjini kwetu, mtoto hukua akiitazama dohani ndefu ya kiwanda na kile kilima cheusi cha masalio ya shaba kilicho kando yake. Maji yetu ni ya mito midogo, kama Kafubu na ule Lubumbashi wenyewe. Wakati wa mvua huongezeka, wakati wa kiangazi hupungua, na mtu hupata miezi mizima ya kuyazoea mageuzi hayo. Bahari inayopanda na kushuka mara mbili kati ya jana na leo tulikuwa tumeisoma vitabuni tu. Nataka kuwasimulia siku moja ambayo mimi na jamaa yangu tulifundishwa jambo hilo pasipo kitabu.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, wakati wa likizo ya shule. Mdogo wangu anafanya kazi ya kupokea mizigo ya Kongo katika bandari ya Dar es Salaam, naye kwa miaka mingi alikuwa akitualika. Shaba ya kwetu aliiona kila juma, lakini sisi ndugu zake hakutuona. Basi nikakusanya akiba yangu ya ualimu, tukafunga safari watu watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na miwili, kijana wetu wa miaka tisa, na mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Kambo, kama tuwaitavyo mabibi kwetu. Tulipita Kasumbalesa, tukaikata nchi ya Zambia hadi Nakonde, tukaingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma. Baada ya Mbeya, Iringa na Morogoro tukafika pwani, miguu imevimba kwa kukaa garini. Ni mwendo wa karibu kilomita 2,000.

Tulipofika Dar es Salaam niliisogeza saa yangu ya mkononi mbele kwa saa moja, maana Lubumbashi iko nyuma kwa kiasi hicho. Nikajiona mtu mwangalifu. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo dogo, kwa kuwa uangalifu wangu wote uliishia hapo.

Mdogo wangu hakuweza kuacha kazi yake, akatukatia tikiti ya meli, tukavuka peke yetu kwenda Unguja. Tulilala katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ndani ya vichochoro vyembamba ambavyo mtu akinyosha mikono yake miwili hukaribia kugusa kuta za pande zote mbili. Asubuhi tukashuka ufukweni Shangani kutafuta chombo. Tulimpata nahodha mmoja, kijana wa makamo mwenye maneno machache, na mashua yenye mashine nyuma. Tukapatana naye bei kwa siku.

"Karibuni, wageni wangu," alisema. "Tutakwenda kwanza funguni, maji yangali yamekupwa. Kisha Changuu kuwaona kobe. Lakini saa tano muwe mmekwisha rudi chomboni, kwani leo ni bamvua."

Nikamjibu, "Haya, bwana. Saa tano."

Neno lile bamvua sikulijua. Ulimi wangu ulitaka kuuliza, ila moyo ukauzuia. Mimi ni mwalimu, na Kiswahili ni mojawapo ya masomo ninayofundisha. Je, mwalimu wa Kiswahili amwulize mwendesha mashua maana ya neno la Kiswahili, tena mbele ya watoto wake? Nikatikisa kichwa kama mtu ajuaye, nikampa mama mkono, tukapanda.

Mbele ya Mji Mkongwe kuna visiwa vidogo na mafungu ya mchanga. Wageni wengi hupelekwa kwenye fungu liitwalo Nakupenda, lakini nahodha wetu alituchagulia jingine, dogo, lisilo na watu. Lo, wasomaji wangu, uzuri ule sina namna ya kuueleza! Mchanga ulikuwa mweupe kama unga wa mahindi uliotwangwa sasa hivi, na pande zote maji ya kijani yaliyotakata hata tuliona samaki wakipita chini ya mashua. Nyuma yetu mji ulionekana mdogo, na juu ya mapaa minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Fungu lenyewe lilikuwa refu, limejikunja kama upinde, nene kwenye ncha mbili na jembamba katikati. Nahodha alitia nanga kwenye ncha ya kaskazini, akabaki chomboni pamoja na mtoto wake wa kazi.

Sisi tulitembea. Upepo wa kusi ulitupiga usoni, tukazidi kwenda mbele hata tukafika ncha ya kusini. Binti yangu aliokota makombe, akapata na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye vidole vitano kama nyota. Mama alivua viatu, akakaa akiyaacha maji yamlambe nyayo, akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu baba yetu alipofariki. Kijana wangu alianza kujenga mji. Alifinyanga dohani ya mchanga mbichi, akaweka kando yake kilima cha masalio, akachora na njia ya gari moshi. "Papa," akaniambia, "ile ni Lubumbashi."

Nilijilaza kando yao, kofia usoni. Nilikuwa na hesabu yangu: tulikuwa na siku nzima mpaka saa tano.

Kitambo kikapita. Ndipo nikasikia sauti ya mtoto: "Papa, maji inakuya!"

Nikafumbua jicho moja. Wimbi dogo lilikuwa limeifikia dohani yake, nayo ikaanguka. "Ni wimbi tu," nikamwambia. "Litarudi. Jenga nyingine huku juu." Akajenga nyingine. Hiyo nayo ikachukuliwa. Nikatazama saa yangu: mshale mfupi umepita kidogo kumi na moja, mshale mrefu uko kwenye tatu. Nikainua macho, nikamwona nahodha kwa mbali, amesimama omoni mwa mashua, anapunga kitambaa chekundu. Kinywa chake kilifunguka na kufungwa, lakini upepo uliokuwa ukitoka kwetu kwenda kwake uliirudisha sauti yake. Nami, wasomaji wangu, nilifanya nini? Naona haya kuandika. Nilivua kofia yangu, nikampungia na mimi. Nilidhani anatusalimu.

Mke wangu ndiye aliyegeuka akatazama tulikotoka. "Baba Watoto," alisema polepole, ili asiwatishe wengine, "njia iko wapi?"

Pale katikati, mahali pembamba tulipopita kwa miguu mikavu, hapakuwa na mchanga tena. Palikuwa na maji yanayokwenda mbio kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mto uliozaliwa saa ile. Tulikuwa tumebaki juu ya kisiwa ambacho kilipungua tukikitazama. Nikamshika mtoto mkono, mke wangu akamshika mama, tukaenda mbio hadi kwenye ukingo. Kule ng'ambo nahodha alikuwa akivuta kamba ya mashine yake tena na tena, isiwake. Nikaingia majini kupima. Maji yalinifika gotini, hatua chache mbele yakanifika kiunoni, na mkondo ukanisukuma kama mkono wa mtu. Nilirudi nyuma. Kuogelea najua kidogo, kwa maji yaliyotulia. Mama hajui kabisa, na watoto hawajui.

Mama yangu alinitazama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wapitishe watoto kwanza. Mimi nimekwisha kula bukari ya kutosha duniani." Sikumjibu. Nilimwomba Mungu kwa maneno mafupi kuliko yote niliyopata kusali.

Kijana wangu, alipoona nimerudi, alitaka kunifuata ndani ya maji, akateleza. Mkondo ukamzoa. Nilijitupa nikamkamata kwa ukosi wa shati, na sote wawili tukavutwa hatua nne au tano kabla miguu yangu haijapata mchanga. Alipotoka alikohoa maji ya chumvi, hakulia. Dada yake ndiye aliyelia.

Ndipo tulipoiona ngalawa. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akipita mbali kidogo na tanga lake lenye viraka, alikuwa ametuona tangu mapema, akageuza chombo bila kuitwa. Alishusha tanga, akaja akijisukuma kwa pondo, taratibu, kana kwamba amekuja kutuuzia samaki. Alimpandisha mama kwanza, kisha watoto, akawaketisha chini wasisogee. Ngalawa ni nyembamba, haikuweza kutubeba sote. Akatuambia mimi na mke wangu tuushike mti wa pembeni, tusiuachie. Hivyo tukavuka, miili yetu majini, mzee akisukuma kwa pondo na kuzungumza na mama juu ya upepo. Tulipofika kwenye mashua na kutazama nyuma, ncha ya kusini ilikuwa imebaki kipande cha mchanga kisichozidi ukubwa wa mkeka. Mji wa kijana wangu ulikuwa chini ya maji.

Nahodha alikuwa na hasira, na machozi karibu yamtoke. "Bwana, sikukwambia saa tano?"

Hasira ikanipanda na mimi, kwa sababu ya hofu. "Ulisema saa tano! Saa tano bado! Sasa ni saa kumi na moja na nusu tu!"

Nahodha akanyamaza. Akatazama jua, lililokuwa karibu juu ya vichwa vyetu, kisha akanitazama mimi kama mtu amtazamavyo mgonjwa. "Kumi na moja? Kumi na moja ni jioni, bwana. Sasa hivi ni saa tano na nusu."

Mzee mvuvi, aliyekuwa ameshika ubao wa mashua yetu, ndiye aliyeelewa. Akaniomba nimwonyeshe saa yangu. Akaitazama, akacheka bila kutoa sauti. "Huyu anahesabu kizungu," akamwambia nahodha. Kisha akatufafanulia. Kwao, kama katika pwani nzima, saa ya kwanza ya mchana ni ile baada ya jua kuchomoza, nayo huitwa saa moja. Jua likiwa utosini ni saa sita, na likitua ni saa kumi na mbili. Sisi wa Lubumbashi tunafuata hesabu ya Ulaya, inayoanza usiku wa manane. Saa yao ya tano ilikuwa ile niliyoiita mimi kumi na moja ya asubuhi, na saa tano niliyoingoja mimi ilikuwa kwao saa kumi na moja ya jioni. Maneno yalikuwa yale yale, ila kati ya maana mbili mlikuwa na muda wa saa sita, na ndani ya saa hizo sita bahari yote ilipata nafasi ya kujaa.

Kijana wangu alimsogelea mzee, akamwambia, "Aksanti, Tata." Mzee akamwambia watoto wa huko humwamkia mzee kwa kusema shikamoo. Mtoto akasema, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu," akajibu, akamfuta chumvi usoni kwa kiganja chake.

Tulimsihi apokee fedha, akakataa. Alikubali chakula, nasi tukala naye huko Changuu, maana nahodha alifanikiwa kuiwasha mashine yake, akaifunga ngalawa nyuma yetu, tukaenda pamoja.

Changuu ni kisiwa kidogo, kama kilomita 6 kutoka mjini. Wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Waziri Mwingereza wa Sultani, Lloyd Mathews, ndiye aliyejenga gereza hapo katika mwaka 1893 na ufuatao, lakini wafungwa hawakuwekwa humo. Nyumba ile iligeuzwa mahali pa kuwatenga watu waliotoka safari za baharini, wasije wakaingiza homa mjini. Kobe wakubwa walikuja baadaye: wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, na uzao wao ungali hapo. Umri wao umeandikwa kwa rangi magambani, na wengine wamepita miaka mia. Watoto waliwalisha mchicha. Mama alikaa muda mrefu mbele ya kobe mmoja mzee, wakitazamana. "Huyu hana haraka," akasema, "na bado amefika."

Chini ya mti nilimwuliza mzee mvuvi lile swali ambalo nilipaswa kuliuliza asubuhi: "Baba, bamvua ni nini?"

Akanifundisha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Bahari hujaa kwa muda wa saa sita na kidogo, kisha hukupwa kwa muda kama huo, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa sababu hufuata mwezi. Mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja. Ndiyo bamvua, maji hukupwa sana na hujaa sana. Huko Unguja tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4, kimo cha ukuta wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu, huvutana kwa kupingana. Ndiyo maji mafu, mabadiliko yake ni madogo. Siku ile zilibaki siku mbili tu mwezi uwe mpevu. "Ungeniuliza neno moja," alisema nahodha kwa upole, "ningekueleza yote haya pale ufukweni." Alisema kweli.

Kisha mzee akauliza tulijifunzia wapi Kiswahili, sisi watu wa mbali. Ilikuwa zamu yangu ya kueleza. Nilimwambia kwamba katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika hadi kwetu. Msiri, Mnyamwezi aliyetawala Bunkeya, alifanya biashara na watu wa pwani, ya shaba, ya pembe za ndovu, na ya wanadamu pia. Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingali Shangani alikofariki mwaka 1905, alifika hadi ndani ya Kongo. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs ulitoka hapa Unguja na wapagazi wake, ukatembea hadi Bunkeya, na tarehe 20 Desemba Msiri akauawa. Baadaye, Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 na migodi ikafunguliwa, watu wa makabila mengi walikusanyika kambini, nao wakasemezana kwa Kiswahili. Lakini saa zao za kazi zilifuata king'ora cha kiwanda, na king'ora kilifuata saa ya Mbelgiji.

Mzee alifikiri. "Basi lugha ilifika kwenu kwa miguu," akasema, "na kila aliyeibeba njiani aliiongeza kitu na kuipunguza kitu. Si ajabu. Ajabu ni mtu kudhani kwamba haikubadilika."

Tulirudi mjini jioni, kwenye ile saa tano yangu. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya mafungu ya mchanga, ambayo hayakuonekana tena. Mama alinishika mkono wakati wa kushuka chomboni, akaniambia maneno haya tu: "Wewe ni mwalimu. Mwalimu asiyeuliza huwafundisha watoto kunyamaza."

Sasa tuko nyumbani, na mwaka mwingine wa shule umeanza. Kwenye ubao wa darasa langu nimechora saa mbili, moja ya Lubumbashi na moja ya Unguja, na kila mwanafunzi mpya lazima anieleze tofauti yake. Wengine huuliza kwa nini mwalimu anashikilia sana jambo hilo. Huwasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, hata habari ya kofia niliyoipunga, ingawa wanacheka. Afadhali wacheke. Nanyi, wasomaji wapenzi, mkipata kusafiri katika nchi inayosema lugha yenu, msiseme upesi moyoni, "Haya ninayajua." Mwulizeni mwenyeji. Neno moja tu nililiona haya kuliuliza pale ufukweni, nalo lilitosha kumtia mwanangu katika mkondo wa bahari.